Sanamu Limepiga Chafya

Naam, ilikuwa chafya. Wewe uliyebishana na wenzako kazini wiki nzima kwamba ni bawaba za mlango, au paka wa jirani, pole sana. Sanamu la dirishani, lile lililovikwa gauni la harusi la Tausi na kufunikwa shela mpaka kifuani, lilipiga chafya.

Tena chafya nene, ya mtu aliyekula akashiba.

Mguu wa Pindo uliganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Afya, mama!" ikaitika sauti nzito kutoka nyuma ya pazia.

"Asante, afande!" Pindo akajibu haraka, akijisugua pua kana kwamba chafya ilikuwa yake. Kwa nini alisema hivyo hata yeye hakujua. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma ikitafuta viatu.

Sauti ile ilikuwa ya Inspekta. Kwa aliyeazima gazeti la mwenzake leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Inspekta alifika tena asubuhi hii kumhoji Pindo, fundi wa nguo, kuhusu kifo cha rafiki yake Chiriku. Gari la Chiriku lilikutwa limezama mtoni, na ndani yake mwanamke ambaye maji hayakumwachia sura. Alitambuliwa kwa jaketi la kijani, na jaketi hilo alilishona Pindo mwenyewe. Ubaya ni kwamba siku chache kabla, Pindo na Chiriku walitoleana maneno mazito mbele ya wateja, wakigombea urefu wa mikono ya gauni la msimamizi wa harusi. Kwa Inspekta, hiyo ilikuwa sababu tosha ya mtu kuua.

Aliingia kwa vitisho. Akaketi kwa kishindo. Suruali ikapasuka kuanzia kiunoni mpaka kusikosemeka.

Na sasa amejificha kwenye chumba cha kujaribia nguo, redio ikimwimbia sikioni, akimngoja mtuhumiwa wake amshonee. Pingu alizisahau mfukoni mwa suruali hiyo. Kila Pindo alipogeuza kitambaa chini ya sindano, ziligonga meza ya cherehani, ko, ko, zikimkumbusha ni mikono ya nani inayosubiriwa.

Mtu wa tatu dukani alikuwa Tausi, bibi harusi mtarajiwa, muuza manukato. Tausi haingii mahali bila kupulizia kitu. Leo alikuwa amelipulizia shela lake marashi mapya, akarudi nyuma kulitazama, na hapo ndipo chafya ikatoka.

"Pindo," akanong'ona. "Ni wewe?"

"Si mimi."

"Basi na mimi siye."

Wote wawili wakaligeukia sanamu. Sanamu likainua mkono polepole, likaupitisha chini ya shela, likajikuna pua.

Pindo alivuka chumba asijue amevukaje. Akalifunua shela.

"Mkipiga kelele," alisema Chiriku, "nitakufa kweli."

Alikuwa Chiriku yule yule, pua imemwiva, machozi yanamlengalenga kwa marashi. Chiriku waliyemzika wiki tatu zilizopita. Chiriku ambaye Pindo alimlilia makaburini mpaka akabebwa na watu asiowajua.

Pindo akamzaba kofi. Kisha akamkumbatia mpaka pini za gauni zikawachoma wote wawili. Kisha akamzaba jingine.

"La pili la nini?" Chiriku akalalamika kwa mnong'ono.

"La kwanza la kufa. La pili la kutokufa!"

Tausi alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, analia na kucheka kwa pamoja, viganja mdomoni. Watatu hawa walikalia dawati moja tangu wanafundishwa kuandika. Walizoea kugawana kila kitu: viatu, siri, hata tetekuwanga waliipata wiki moja.

"Nimesikia mlinizika na gauni la zambarau," Chiriku akasema.

"Mama yako ndiye aliyechagua."

"Zambarau, Pindo! Na rangi yangu hii! Ukamwacha hivyo hivyo, wewe fundi mzima?" Akashusha sauti. "Na nani alilia zaidi?"

"Mimi," wakasema wote wawili kwa pamoja, wakatazamana vibaya.

"Mama, suruali inaendeleaje?" Inspekta akaita.

"Inakaribia, afande! Mshono wa nyuma hautaki haraka!"

Chiriku akasimulia kwa pumzi moja, kama ilivyo kawaida yake. Hawakumwita Chiriku bure.

"Mnajua nafanya kazi ya usekretari kwa Bwana Tai."

Nani asiyejua? Bwana Tai, wakala wa nyumba, mchumba wa Tausi. Wanaompenda husema jina hilo ni kwa ajili ya tai zake za hariri za shingoni. Waliowahi kununua nyumba kwake husema ni yule ndege.

"Siku ile ya mvua akaingia ofisini mwanamke amelowa chapachapa. Akaniuliza, mume wangu yupo? Nikamwuliza, mumeo ni nani, dada? Akanyoosha kidole kwenye picha ukutani." Chiriku akameza mate. "Tausi, mwenzangu, nisamehe. Picha ilikuwa ya bosi. Ana mke, ndoa halali, ameiacha mbali huko."

Machozi yalimshuka Tausi, makubwa, moja baada ya jingine.

"Nikamvua koti lake lililolowa, nikamvika jaketi langu. Nikampa ufunguo wa gari langu na mkoba wangu wenye funguo za nyumba, nikamwelekeza kwangu akapumzike. Halafu kwa ujinga wangu nikampigia bosi simu. Nikamwambia, bosi, leo leo namwambia Tausi kila kitu. Mvua ikanilaza kwa shangazi, kesho yake nasikia redioni kwamba mimi nimekufa."

"Na ukanyamaza?" Pindo akafoka kwa mnong'ono. "Wiki tatu? Mimi nafungwa huku!"

"Pindo, fikiri! Gari langu, jaketi langu. Aliyefanya vile alinitaka mimi. Ningejitokeza si angerudia? Nilidhani Inspekta atafika mwenyewe kwenye ukweli. Nikasikia amefika kwako. Ndiyo maana leo nimeingia kwa mlango wa nyuma ulipokwenda kununua uzi. Nikasikia viatu vya polisi, nikalitupa sanamu lako stoo, nikajivika hili." Akalitazama gauni. "Zuri. Limenibana makwapani."

Nje, honi ikalia mara mbili. Honi ya madaha.

"Mungu wangu," Tausi akasema. "Ni yeye. Amekuja kujaribu suti."

Hapa, msomaji, mwingine angezimia. Pindo hakuzimia. Alisimama katikati ya duka lake, suruali ya serikali begani, akatazama mlango, akatazama pazia, akamtazama rafiki yake aliyefufuka. Kisha akatabasamu tabasamu ambalo wateja wake hulijua: la fundi aliyeletewa kitambaa pungufu na ameshajua atakikataje.

"Chiriku, rudi dirishani. Shela chini. Tausi, jifute uso, mwambie ni machozi ya furaha."

Akaizima redio. Akasogea kwenye pazia.

"Afande. Hata ukisikia nini, usitoke mpaka nikohoe."

"Mama, unanipa amri mimi?"

"Nimeshika suruali yako, afande."

"Kikohozi kimoja au viwili?" Inspekta akauliza.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Tai akaingia na boksi la peremende, tai ya rangi ya dhahabu ikimetameta shingoni, kicheko mbele kama taa za gari.

"Shemeji yangu fundi! Na malkia wangu! Ah, mbona macho mekundu?"

"Furaha," Tausi akasema, akainamia chini.

"Furaha ni kidogo! Subirini mnione kwenye suti." Akavaa suti pale pale nyuma ya kabati, akatoka akijigeuzageuza mbele ya kioo. Pindo akapiga magoti miguuni pake, uzi na sindano mkononi.

"Simama wima, shemeji. Miguu pamoja. Zaidi. Hivyo hivyo."

Watu walimwita Pindo kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akikunja pindo kama yeye, kwa kasi ile na bila mwenye nguo kuhisi kitu. Akashona. Mguu wa kulia wa suruali akauunga na wa kushoto, kushona kwa kukazia, uzi mara mbili.

"Fundi, fanya upesi kidogo, nina wateja wananingoja," Bwana Tai akasema, akiipapasa tai yake kiooni.

Ndipo sauti laini ya kiofisi ikatoka dirishani:

"Bosi, chai na sukari au bila?"

"Na sukari," Bwana Tai akajibu kwa mazoea, bila hata kugeuka. "Vijiko vi..."

Sentensi ikamfia mdomoni.

Kwenye kioo, nyuma ya bega lake, sanamu lilishuka jukwaani. Likaburuza gauni jeupe sakafuni, likalifunua shela.

Bwana Tai akageuka. Rangi ilimtoka usoni yote, ikabaki ya tai peke yake.

"Wewe umekufa," akasema.

"Nani kasema?"

"Mimi! Mimi ndiye ninayejua! Nilikusukuma kwa mikono yangu hii! Nililisukuma gari mpaka taa zikazama!"

Pindo akakohoa. Alikohoa mara mbili, kwa usalama.

Pazia likavutwa kwa nguvu. Inspekta akatokea, kofia kichwani, shati la kazi limefungwa vifungo vyote, na kiunoni amejizungushia satini ya waridi iliyobaki kwenye magauni ya wasimamizi.

"Rudia," akasema kwa heshima zote za cheo chake. "Hapo kwenye taa."

Bwana Tai alimtazama. Alitazama satini. Akatoka nduki.

Yaani alitaka kutoka nduki. Mwili ulienda, miguu ikakataa kuachana. Alianguka kama kabati, kifudifudi, peremende zikatawanyika duka zima. Inspekta akamrukia mgongoni, satini ikachanika praaa, na Chiriku akaacha yote akaanza kushangilia kama yuko uwanjani.

"Pingu!" Inspekta akahema. "Pingu zangu ziko wapi?"

"Shika, afande!" Pindo akamrushia suruali nzima.

Lilikuwa zogo la kuvunja mbavu, wala Pindo haoni haya kusema kwamba alicheka. Wiki tatu alikuwa amelala na picha ya seli kichwani. Sasa alicheka mpaka akashika meza.

Kicheko kilikatika pale Chiriku alipochuchumaa karibu na uso wa bosi wake.

"Hukunisukuma mimi," akamwambia, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Alikuja kukutafuta. Alikuwa amelowa, nikampa jaketi langu. Uliyemsukuma ni mkeo."

Ikamtoka Bwana Tai sauti ambayo Pindo hakuitegemea, sauti ya mtoto aliyeangusha kitu na anajua hakiungiki.

"Hakuniambia anakuja," alisema. "Angeniambia... Hakuniambia anakuja."

Akainua kichwa polepole, akamtafuta Tausi kwa macho.

"Lakini si wewe uli..."

Hakumaliza. Tausi alimfikia kwa hatua moja, akampulizia marashi puani na mdomoni, pfu, pfu, pfu, mpaka chupa ikakauka.

"Mwongo!" alilia. "Muuaji! Una mke unanivisha pete mimi?"

"Inatosha, binti, inatosha," Inspekta akasema kwa upole, naye akipiga chafya. Akamnyanyua mtu wake anayekohoa na kutokwa machozi. Pindo akaukata ule uzi wa miguuni kwa mkasi ili mfungwa aweze kutembea. Inspekta akaivaa suruali yake kabla mshono haujaisha, akashika kiuno kwa mkono mmoja na mhalifu kwa mwingine.

Mlangoni aligeuka.

"Mama fundi, kuhusu zile tuhuma..."

"Nimesamehe, afande."

"Na kuhusu huu mshono..."

"Rudi jioni, afande."

Akatoka. Njiani nje watoto walishangilia, sijui pingu au suruali.

Marafiki watatu wakabaki peke yao katikati ya peremende na vipande vya satini. Walitazamana. Kisha wakaangukiana, gauni la harusi na yote, wakilia, wakicheka, wakisukumana kama zamani kwenye dawati lao.

"Pole, Tausi wangu," Pindo akamwambia, akimpapasa mgongo. "Tutakutafutia mwingine. Asiye na mke wala ofisi."

"Afadhali asiwe na tai," Chiriku akaongeza, na wote wakacheka tena.

Pindo akajifuta macho kwa futi yake ya kupimia. "Maskini yule mwanamke lakini. Tumemlilia wiki tatu na hatukuwa tunamlilia yeye. Hata jina hatulijui."

"Kuna kitu kinanikera," Chiriku akasema. Alikuwa ameketi juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia ndani ya lile gauni jeupe. "Nilimwambia akaningoje nyumbani kwangu. Na nikakupigia wewe, Tausi, bila kukutajia ni nani, uende kwangu ukamwone kwa macho yako. Sasa mtoni alikwenda kufanya nini?"

"Mimi sikufika kwako," Tausi akasema. "Foleni ilinikamata, nikageuza. Ningekwambia, ila ulikuwa marehemu."

Hilo nalo likawaangusha. Chiriku alicheka mpaka akakwama pumzi, Pindo akampiga mgongoni. Ulikuwa wakati mtamu. Jua la mchana liliingia dirishani, vumbi la chaki likielea ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Pindo akahisi njaa.

"Ninachoomba tu," akasema, "ni kwamba hakuteseka."

"Hakuteseka," Tausi akasema. Bado alikuwa anacheka, anamnyooshea Chiriku mkunjo wa gauni begani. "Alikuwa hana habari. Aliimba njia nzima, maskini, na sauti mbaya ile!"

Chiriku aliendelea kucheka kidogo. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha.

Peremende moja ilibingirika kutoka mezani ikaanguka chini. Wote watatu waliisikia.

"Njia ipi, Tausi?" Pindo akauliza.

Mkono wa Tausi ukasimama juu ya bega jeupe. Akauondoa taratibu. Akaokota mkoba wake, akaenda mlangoni, akakigeuza kibao cha duka kisomeke kwa nje TUMEFUNGA. Akazungusha ufunguo. Akautia kifuani.

Alipogeuka, alikuwa na tabasamu lile lile walilolijua tangu utotoni, la mtu aliyepata kitu kizuri na amekuja kuwagawia.

"Mbona mnanitazama hivyo?" akasema. "Kati yetu sisi watatu, kuna aliyekufa?"